Kukarabati bafu: maneno ya fundi, ya dukani na ya mkataba

“Ukarabati” (ngeli ya U-, hauna wingi) ni kazi ya kukirudisha kitu kilichochakaa katika hali nzuri ya kutumika. Kitenzi chake ni “karabati”. Jengo hukarabatiwa, barabara hukarabatiwa, bafu hukarabatiwa. Makala haya yanalitazama neno hilo linapoandamana na bafu, kwa sababu hapo ndipo linapokutana na msamiati mgumu kuliko mahali pengine ndani ya nyumba: majina ya chumba ambayo watu huona haya kuyataja, majina ya vifaa ambayo kamusi huyaandika hivi na muuza duka huyatamka vile, na vitenzi ambavyo vikichanganywa maji hushukia dari ya jirani.

Mifano imechukuliwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa inayopakana nayo, ambako mtu anaweza kununua koki, saruji na sinki katika umbali wa dakika chache kwa miguu, kisha akahitaji watu wanne wa kumpandishia mzigo hadi ghorofa ya tatu. Mfasiri aliyepewa mkataba wa ujenzi, mwalimu anayetafuta mifano hai ya upatanisho wa kisarufi, na mkazi anayetaka kuelewana na fundi wake, wote watakuta humu neno la kuwafaa. Mpangilio unafuata hatua za kazi yenyewe, maana maneno haya hueleweka vizuri zaidi yakisomwa kwa utaratibu ambao kazi hufanywa.

Ukarabati, matengenezo, marekebisho

Maneno haya matatu huandikwa mara nyingi kana kwamba ni visawe, nayo si visawe. “Matengenezo” ni kazi ya kukifanya kifaa kilichopo kiendelee kutumika: koki inayovuja hutengenezwa, tangi la choo lisilojaa hutengenezwa. “Ukarabati” hugusa hali ya chumba kizima. Vigae vimebanduka, mabomba yamekula kutu, sakafu inapitisha maji. Vyote huondolewa na kuwekwa vipya, lakini chumba hubaki kilekile. “Marekebisho” hubadili mpangilio: choo cha kuchuchumaa kinafanywa cha kukaa, mlango unahamishwa, ukuta uliotenga choo na bafu unaondolewa.

Tofauti hii ni ya fedha. Mkataba wa upangaji unaosema “matengenezo madogo yatafanywa na mpangaji, ukarabati utafanywa na mwenye nyumba” humpa mpangaji mzigo wa koki na humpa mwenye nyumba mzigo wa bomba lililooza ndani ya ukuta. Mfasiri akiandika “matengenezo” pote pawili amehamisha gharama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na hakuna atakayegundua mpaka siku bomba litakapopasuka.

Katikati ya jiji jambo hili lina historia yake. Majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwapo tangu 1962. Wazee wa mjini bado husema “nyumba ya msajili”. Anayeishi humo ni mpangaji hata kama familia yake imekaa hapo miaka hamsini, na barua yake ya kuomba ruhusa inapaswa iseme wazi anaomba lipi kati ya mambo matatu. “Naomba kufanyia kazi bafu” haitoshi. “Naomba ruhusa ya kukarabati bafu bila kubadili mpangilio wa kuta wala wa mabomba makuu” inatosha.

Kwa upande wa marekebisho kuna jambo zito zaidi ya fedha. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilohilo lilikuwa limeanguka na kuua zaidi ya watu 30. Hakuna anayesema kwamba bafu liliyaangusha. Lakini anayeagiza kazi ndani ya jengo la ghorofa hana budi kuchagua kitenzi kwa uangalifu. “Kubandua” ni kutoa kilichogandishwa juu ya kingine, kama kigae juu ya lipu. “Kutindua” ni kuvunja kitu kigumu kwa tindo na nyundo, kama zege la sakafu. “Kutoboa” ni kufanya tundu la kupitisha bomba. “Kubomoa” ni kuangusha. Mtu hutamka “bomoa bafu lote” akiwa na maana ya “bandua vigae vyote”, na fundi mtiifu hufanya alivyoambiwa.

Ukuta nao una aina zake: “ukuta wa kugawa vyumba” na “ukuta unaobeba mzigo”. Nguzo, boriti na linta hazigusiwi kwa neno la fundi peke yake. Hapo panahitajika mhandisi, na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. (“Boriti” hapo zamani zilikuwa miti ya mikoko iliyobeba dari za nyumba za mawe za pwani, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba. Siku hizi boriti ya ghorofa ni ya zege na nondo, lakini jina halikubadilika.)

Chumba chenye majina mengi

“Bafu” (LI-YA: bafu hili, mabafu haya) limetoka Kiingereza, na maana yake ya msingi ni mahali pa kuogea. “Choo” (KI-VI: choo hiki, vyoo hivi) ni neno la Kibantu lenye maana mbili, yaani mahali pa kujisaidia na pia kile kinachotoka. Daktari anayemuuliza mgonjwa kama anapata choo haulizi habari za ujenzi. Kwa sababu hiyo “choo” hutamkwa bila wasiwasi mbele ya fundi na muuza duka, lakini mbele ya wageni husemwa “msalani”, “maliwatoni”, “uani” au “faragha”. Mwanafunzi asiyafasiri maneno haya yote kwa neno moja la lugha yake. Kila moja lina kiwango chake cha heshima. “Msala”, kwa mfano, ni pia mkeka wa kusalia, na muktadha ndio unaoamua. “Hamamu”, la asili ya Kiarabu, halitumiki Dar es Salaam kwa bafu la nyumbani. Hukumbusha zaidi bafu za umma za Hamamni mjini Zanzibar, zilizojengwa wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Kwa nini lugha haina neno moja la chumba chenye vyote viwili? Sababu inaonekana katika nyumba ya Kiswahili iliyoijaza Kariakoo kabla ya maghorofa: vyumba pande mbili za ukumbi, na nyuma uani, penye jiko, choo na bafu, kila kimoja mahali pake, vikitumiwa na watu wa nyumba nzima. Kutoka hapo ndipo “kwenda uani” kulipata maana yake ya staha. Choo na bafu vilipohamia ndani ya chumba kimoja cha ghorofa, “bafu” lilipanuka likachukua yote. Madalali wa nyumba wameongeza neno lao, “masta”, kwa chumba cha kulala chenye bafu lake: “vyumba vitatu, kimoja masta”. Katika maandishi rasmi tunapendekeza “chumba cha bafu na choo” kinapotajwa mara ya kwanza, kisha “bafu” peke yake.

Ndani ya chumba hicho neno linalowakwaza wageni kuliko yote ni “sinki”. Katika maduka ya Kariakoo “sinki” ni la jikoni, ni la kunawia, na ni la choo pia. Mnunuzi akitaja “sinki” tupu ataulizwa, “La wapi?” Mfasiri naye ajiulize hivyohivyo. “Sinki la choo” ni kile chombo cha kauri kinachokaliwa au kuchuchumaliwa. “Beseni la kunawia” ni neno safi zaidi kwa chombo cha mikono, ingawa “beseni” bila maelezo ni lile la plastiki la kufulia. Choo chenyewe ni “cha kukaa” au “cha kuchuchumaa”, na kwa namna kinavyosafishwa ni “cha kuvuta maji”, “cha kumwagia maji” au “cha shimo”. “Kuvuta” kunakumbusha mnyororo uliokuwa ukining’inia kutoka tangi la juu. Mnyororo umekwisha, kitenzi kimebaki.

Maji: neno “bomba” na wenzake

“Bomba” (LI-YA) liliingia kutoka Kireno, ambako lilimaanisha pampu. Leo Dar es Salaam ni mrija wa chuma au plastiki, ni mahali maji yanapotokea (“funga bomba!”), ni kifaa cha kudungia dawa (bomba la sindano), na kwa vijana ni sifa ya kitu kizuri. Katika maelezo ya kazi upana huu wa maana ni hatari. “Badilisha mabomba yote” ni koki nne, au ni mita kumi na mbili za mrija zilizofukiwa ukutani? Tunapendekeza “bomba” libaki kwa mrija na “koki” kwa kifaa cha kufungulia na kufungia. Kifaa cha kuogea husemwa “shawa” madukani na “bomba la mvua” katika vitabu. Anayetaka kueleweka dukani aseme shawa.

Msomaji wa Zanzibar au wa Kenya ana neno lingine, “mfereji”. Kwake “maji ya mfereji” ni maji safi ya kunywa. Dar es Salaam mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, aghalabu machafu, sawa na “mtaro”. Mgeni kutoka Unguja akimwambia fundi wa Kariakoo aufunge mfereji, fundi atatoka nje kwenda kutazama barabarani. Hali kadhalika “karo”: Visiwani ni shimo la majitaka (karo la choo limejaa), Kenya ni ada ya shule, na mtu wa Nairobi anayesoma tangazo la “kunyonya makaro” anaweza kushangaa.

Vitenzi vya maji vinahitaji utulivu zaidi. “Kuziba” kuna sura mbili: “bomba limeziba” ni kwamba uchafu umekwama ndani yake, na “ziba bomba” ni amri ya kulifunga kwa kizibo. Kinyume chake ni “zibua”. Ujumbe wa simu usemao “njoo uzibe bomba la choo”, ulioandikwa na mtu aliyekusudia “uzibue”, unaagiza kazi iliyo kinyume kabisa. “Kuvuja” hutumika kwa chombo na kwa maji yenyewe: bomba linavuja, maji yanavuja, dari inavuja. “Kupenya” ni kwa maji yanayopita ndani ya kitu kinachoonekana kizima, kama zege au lipu; ndiyo maana husemwa “dawa ya kuzuia maji kupenya”, si “kuvuja”. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kuamuliwa kabla ya kupanga ukarabati wowote. Bafu linalovuja lina bomba au kiungo kibovu, na dawa yake ni fundi bomba wa siku moja. Bafu linalopenyeza lina sakafu mbovu, na dawa yake ni kubandua kila kitu. Mtu anaweza kuzipambanua mwenyewe bila gharama: afunge koki zote jioni na asome mita ya maji, asubuhi aisome tena. Mita ikiwa imesonga ilhali hakuna aliyetumia maji, kuna bomba la majisafi linalovuja. Ikiwa imesimama na dari ya jirani ina unyevu kila baada ya watu kuoga, atazame sakafu na bomba la kutolea maji.

Kuhusu tahajia, “majisafi” na “majitaka” huandikwa na mamlaka kama neno mojamoja, na jina rasmi la DAWASA ni Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam. Katika maandishi ya kawaida “maji safi” kwa maneno mawili si kosa. Ni sifa tu ya maji. “Majisafi” ni jina la huduma. Majitaka ya katikati ya jiji hupita kwenye mtandao wa mabomba ya umma, lakini sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutegemea mashimo na matangi yanayonyonywa kwa magari. Shimo lenye mfuniko unaofunguliwa ili kutazama mabomba ya chini huitwa “chemba”. Kutoa uchafu wa choo kilichojaa kwa kuutiririsha nje, mara nyingi wakati wa mvua, huitwa “kutapisha”. Ni kosa kisheria na ni hatari ya kipindupindu, lakini neno lenyewe ni sahihi na halina kisawe kimoja katika lugha nyingi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha mto Ruvu, unaolilisha jiji hili maji, kilishuka kwa ukame na mgawo wa maji ukatangazwa. Wengi waliokarabati mabafu yao baada ya hapo waliongeza tangi. Neno lililoshinda ni “simtanki”, lililotokana na jina la biashara la kampuni moja na sasa hutumika kwa tangi lolote la plastiki. Tunalikubali katika mazungumzo na mifano. Katika zabuni na mikataba iandikwe “tangi la plastiki la lita 1,000”, maana muuzaji wa tangi la kampuni nyingine anaweza kudai kwamba ametengwa. Na kwa kuwa lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, mahali pa kuliweka paamuliwe na anayeijua nguvu ya paa, si na anayeuza tangi.

Sakafu na ukuta

“Sakafu” ina safari ya kupendeza: katika Kiarabu asili yake inamaanisha paa, nayo ilifika pwani kupitia mapaa bapa ya nyumba za mawe, ambayo kwa aliye juu ni mahali pa kukanyaga. “Saruji” nalo lilikuwa jina la mchanganyiko wa chokaa na udongo uliochomwa, usiopitisha maji, uliotumika Uajemi na Omani kujengea mabirika na mifereji ya maji. Kwa hiyo neno tunalolitumia kwa mfuko wa kilo 50 lilizaliwa mahali penye maji. Mtaani husemwa “simenti”. Katika maandishi “saruji”. “Zege” ni saruji, mchanga, kokoto na maji. “Lipu” ni saruji na mchanga laini juu ya ukuta (kupiga lipu). “Niru” ni saruji laini inayosuguliwa juu ya lipu mpaka ing’ae.

“Kigae” (KI-VI) maana yake ya kale ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika; kisha likawa la kuezekea, na sasa la sakafuni na ukutani. Mpinzani wake ni “tailizi”, lililochukuliwa kutoka Kiingereza pamoja na alama ya wingi iliyomo ndani yake, kwa hiyo ni kigae kimoja lakini tailizi moja. Wa tatu ni “marumaru”, ambalo kwa haki yake ni jiwe lenyewe, ingawa matangazo mengi hulitumia kwa vigae vya kiwandani. Mfasiri afanye hivi: “vigae” katika matini rasmi, “tailizi” katika mazungumzo ya wahusika, na “marumaru” pale tu jiwe linapokusudiwa. Anayelipia marumaru na kuletewa vigae ana haki ya kulalamika. Aliyeandika mkataba ndiye atakayeitwa.

Majengo mengi ya katikati ya karne iliyopita mjini yana sakafu za “terazo”, yaani vipande vya mawe ndani ya saruji vilivyosuguliwa. Kwa maoni yetu terazo nzima isifunikwe kwa vigae. Kuisugua upya ni rahisi kuliko kuibandika kitu juu yake, na haitelezi kama vigae vinavyong’aa. Lakini haya ni ya ladha.

Yasiyo ya ladha ni mawili. La kwanza ni “mteremko”: sakafu ya bafu huinamia kwenye tundu la kutolea maji, walau sentimita 1 kwa kila mita 1. Kuna mafundi wanaosema “sakafu iwe levo”, na mwenye nyumba hufurahia, kwani levo huonekana ni ubora. Sakafu ya sebule iwe levo. Ya bafu, la. La pili ni “kukomaa”. Wafasiri huandika kwamba zege “hukauka”, na msomaji akaliacha juani. Kumbe zege hupata nguvu kwa kubaki na unyevu. Fundi husema “kumwagilia”, kwa angalau siku saba. Andika “kukomaa” kwa hali, “kumwagilia” kwa tendo, na “kukauka” kwa rangi na gundi.

Watu wa kazi

“Fundi bomba”, “fundi umeme” na “fundi ujenzi” ni maneno ambatani yasiyohitaji kiunganishi “wa”. Wingi wake ni mafundi bomba, mafundi umeme. Kinyume chake husemwa “fundi wa tailizi”. “Mwashi” ni anayejenga kwa mawe au matofali. “Saidia fundi” limeundwa kwa kitenzi na nomino na halibadiliki katika wingi: saidia fundi wawili wamefika. “Kibarua” kwanza ni kijibarua, kile kikaratasi cha kuandikia siku za kazi, na jina la karatasi likamhamia mtu. “Fundi” ni pia neno la kumwitia: “Fundi, karibu uone.” Naye hujibu kwa “mama”, “mzee” au “bosi” kulingana na umri na mfuko. Kumwita mtu kwa jina lake tupu mbele ya vibarua wake si uungwana.

Dukani

Muuza duka wa Kariakoo huhesabu bomba kwa inchi na huzitaja kwa sehemu tu: “nusu”, “robo tatu”, “moja”, “nne”. “Nipe elbo mbili za robo tatu” ni viwiko viwili vya bomba la inchi 0.75. Lakini bomba la plastiki la PPR limeandikwa milimita ubavuni, na lile linaloitwa robo tatu limeandikwa 25. Katika maandishi taja vyote viwili, “bomba la PPR la milimita 25 (robo tatu)”, ili mhandisi na muuzaji wasome kitu kimoja.

Vigae huuzwa kwa boksi, na boksi huandikwa eneo linalofunikwa kwa “mita za mraba”. Hesabu yake hufaa darasani. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lina sakafu ya mita za mraba 3. Mzunguko wa kuta ni mita 7. Vigae vikipanda hadi mita 2.1, eneo ni 14.7, na ukitoa mlango wa mita 0.7 kwa 2.1 hubaki 13.23. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika: 3.3 za sakafu na 14.55 za ukuta. Kama boksi linafunika mita za mraba 1.5, ni maboksi 3 ya sakafu na 10 ya ukuta. Yanunuliwe yote siku moja, yenye namba moja ya uzalishaji, kwa sababu vigae vya jina moja vilivyochomwa siku mbili tofauti huweza kupishana rangi.

Karatasi za dukani ni tatu na huchanganywa sana. “Ankara kifani”, ambayo mtaani ni “profoma”, hutaja bei kabla ya kununua. “Ankara” hudai malipo. “Risiti” huthibitisha kwamba yamelipwa. Fedha ya fundi huitwa “ufundi”: “vifaa ni vyako, ufundi ni wangu.” Sentensi hiyo fupi ni mkataba kamili wa aina moja, ambapo mwenye bafu hununua kila kitu. Aina nyingine ni ya kumwachia fundi yote, na bei yake huwa kubwa zaidi lakini lawama huwa ya mtu mmoja.

Maelezo ya kazi: mfano

Kifungu kifuatacho ni cha kubuni, kimeandikwa kwa bafu la ghorofa ya tatu, na kinaweza kutumiwa darasani au kurekebishwa kwa kazi halisi.

“Fundi atabandua vigae vyote vya sakafu na vya kuta hadi kufikia lipu, bila kutindua zege la sakafu. Ataondoa mabomba ya majisafi yaliyomo ndani ya kuta za bafu na kuweka mapya ya PPR ya milimita 25 (robo tatu), kuanzia yanapokutana na bomba kuu la jengo. Bomba kuu halitaguswa. Atapaka tabaka mbili za dawa ya kuzuia maji kupenya kwenye sakafu yote, kwenye kuta zote hadi kimo cha sentimita 30, na kwenye kuta za eneo la shawa hadi kimo cha mita 2. Dawa ikishakauka, na kabla ya kubandika vigae, tundu la sakafu litazibwa, sakafu itajazwa maji kimo cha sentimita 3, na maji yataachwa kwa saa 24. Baada ya hapo fundi na mwenye bafu watakagua pamoja dari ya ghorofa ya pili. Vigae vya sakafu vitabandikwa kwa mteremko usiopungua sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea kwenye tundu. Kifusi kitateremshwa na kuondolewa kwa gharama za fundi.”

Maneno machache yanahitaji maelezo. “Hadi kufikia lipu” huweka mpaka. Bila hayo lipu nayo huondolewa na kazi huongezeka mara mbili. “Litazibwa” ni la kutendwa na haliachi shaka kama ambavyo “liwe limeziba” lingeacha. Katika “ghorofa ya pili” kuna mtego: Dar es Salaam wengi huanza kuhesabu ghorofa juu ya ile ya chini kabisa, lakini si wote, na kitufe cha lifti si shahidi wa kuaminika, taja namba ya mlango. “Kwa gharama za fundi” kumeandikwa makusudi badala ya “na fundi”, kwa kuwa kifusi cha bafu dogo hujaza magunia mengi, ngazi ni ndefu, na guta au kirikuu cha kukipeleka hulipiwa. Kisipotajwa, kifusi hubaki kwenye korido wiki mbili huku kila upande ukisema ni cha mwenzake.

Mwisho, “kumaliza” si “kukabidhi”. Fundi humaliza anapobandika kigae cha mwisho. Kazi hukabidhiwa pale ambapo koki zote zimefunguliwa kwa pamoja, choo kimevutwa maji, maji ya shawa yameelekea kwenye tundu yenyewe bila kusukumwa na fagio, na jirani wa chini amesema dari yake ni kavu. Malipo ya mwisho yafungamanishwe na kitenzi cha pili: “asilimia 20 iliyobaki italipwa siku kazi itakapokabidhiwa.”